Injini Iliyopanda Ruvuma

Mnyambe, Jumatatu, 1 Desemba 1913

Mume wangu Kasiani amerudi kutoka mtoni leo mchana, miguu imemvimba. Neno la kwanza alilosema baada ya kunywa maji ni kwamba amemwahidi Mzungu injini. Hakuuliza habari za mbegu. Hakuuliza kama mtoto wetu Getrude amepona homa.

Huyo Mzungu tunamwita Bwana Mpima, kwa kuwa kazi yake ni kuupima mto Ruvuma, ambao upande wetu ni wa Wadachi na ng'ambo ya pili ni ya Wareno. Ana boti la chuma. Nyuma ya boti alifunga kiinjini kilichotoka Ulaya, lakini hakikuwa na nguvu. Kila kilipofika kwenye maporomoko maji yalikirudisha, na mwisho kikapasuka. Sasa boti linavutwa kwa kamba na watu waliokamatwa vijijini, wengine ukingoni, wengine maji yamewafika kifuani. Kaka yangu Yeremia ni mmoja wao.

Kasiani amekaa miaka mingi kwenye mashamba ya mkonge huko Lindi akihudumia injini. Amemwambia Bwana Mpima kwamba atamtengenezea nyingine kutokana na vyuma vilivyoharibika, itakayopanda maporomoko peke yake. Nayo ikipanda, wavuta kamba warudi makwao. Bwana Mpima amekubali mbele ya watu wote.

"Watarudi wote, Mama Getrude. Na Yeremia."

"Na mtama ataupanda nani?"

Akainama kuikanda miguu yake.

4 Desemba

Mvua. Nimepanda peke yangu.

11 Desemba

Kasiani amerudi kutoka Masasi na watu wanne wamebeba pikipiki juu ya miti kama wanabeba maiti. Ilikuwa ya Mzungu mmoja wa shamba la pamba. Alianguka nayo korongoni, yeye akapona, pikipiki ikapinda kabisa. Injini yake lakini ni nzima. Wameiweka nyuma ya nyumba yangu, pale ninapoanika muhogo.

Pamoja nao amekuja askari wa kulinda vyuma vya Bwana Mpima. Jina lake Shamte, Myao wa Masasi, mtu mzima mwenye mvi. Getrude alimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kumtazama, akaketi juu ya kinu changu na bunduki magotini. Wakati wa vita vya Maji Maji alikuwa upande wa boma la Wadachi. Sikuuliza alikuwa wapi siku walipochoma maghala ya kwetu. Mama yangu alikufa kwa njaa iliyofuata, tukichimba ming'oko, viazi vya mwitu, porini kama nguruwe. Sasa natakiwa kumpikia mtu huyu.

19 Desemba

Nimemwambia Kasiani anieleze, kama ni lazima niishi na kitu hiki. Akanichorea mchangani. Injini itakaa juu, nyuma ya boti. Kutoka kwenye injini utashuka mguu wa chuma mpaka majini, na ndani ya mguu huo ni fimbo inayozunguka. Chini kabisa ni rafadha, yaani mabawa ya shaba yanayosukuma maji nyuma ili boti liende mbele. Mguu wa ile injini ndogo upo bado, na moyo wa pikipiki una nguvu mara nyingi kuliko ule wa kwanza. Kazi ni kuviunganisha.

Alipokuwa akieleza uso wake ulikuwa wa kijana. Nilichukia kuuona, kwa sababu hauji hivyo tukizungumza mambo ya shamba.

Krismasi

Tulikwenda kanisani Newala. Kasiani alisinzia. Yeremia hakupewa ruhusa kuja. Mkewe Josephina alikaa pembeni yangu na mtoto mgongoni, akaimba nyimbo zote bila kukosa neno.

8 Januari 1914

Injini imewaka leo kwa mara ya kwanza. Kuku wote wamekimbilia vichakani. Haikuchukua muda, ikalia kama chuma kinachokatwa, ikaganda. Pikipiki hukaa wima, Kasiani ameilaza ubavu ili fimbo iangalie chini, kwa hiyo mafuta ya kulainisha hayakufika upande wa juu. Pistoni imekwaruzika. Ameketi mbele yake mpaka uji umepoa.

Shamte akasema, "Punda akikataa, huwa tunamtua mzigo kwanza."

Kasiani hakucheka. Mimi nilicheka, kisha nikakasirika kwamba nimecheka.

15 Januari

Mvua zimekatika ghafla na mashimo ya maji yamekauka. Kwetu juu ya uwanda hakuna kijito hata kimoja. Nimeshuka bondeni kuteka, nikapanda na mtungi, nikashuka tena. Kasiani ametumia nusu ya maji yale kupozea chuma. Nimechoka hata kumgombeza.

22 Januari

Tatizo jipya. Pikipiki hupozwa na upepo inapokimbia, lakini kwenye boti, ikivuta nguvu zake zote, hupata moto mpaka inakosa pumzi. Kasiani anataka kuivalisha koti la shaba lenye maji ya mto yanayopita ndani. Shaba hana.

Nilijua atakachosema tangu alipoanza kuzungukazunguka. Sufuria kubwa ya shaba ni ya mama yangu. Tuliifukia ardhini wakati wa vita, ndiyo iliyobaki nyumbani kwetu.

"Siombi," akasema. "Nasema tu."

"Unaomba."

"Naomba."

Nikamwambia nitafikiri. Jioni Josephina alipita kunisalimia. Yeremia amemtumia habari kwamba kidonda cha begani, kile cha kamba, kimeoza, na bado anavuta. Alipoondoka niliitoa sufuria nikaiweka mbele ya Kasiani, nikaingia ndani ili nisisikie akiikata.

29 Januari

Koti halivuji. Mvua imerudi.

6 Februari

Rafadha ya kwanza ni ndogo, haiwezi kuitumia nguvu yote ya injini hii. Kasiani amechonga nyingine kwa mti, kama baba yake alivyochonga vinyago, akiizungusha mkononi na kuipapasa macho yamefumbwa. Ametupa nne. Ya tano ameikubali. Ataikandamiza kwenye udongo iache umbo lake, na kumimina shaba humo.

Lakini shaba tena. Ni Shamte aliyetoka asubuhi bila kusema kitu, akarudi na mfuko. Ndani mlikuwa na maganda ya risasi, mengine yameota kijani. Kasiani akamwuliza ameyapata wapi.

"Nakumbuka tulipopigia risasi," akasema.

Niliyaona yakiyeyuka chunguni. Nilitaka kumchukia Shamte kama jana, nikakuta ni kazi.

16 Februari

Nimeshindwa kuandika kwa siku kadhaa. Mto umefurika. Siku ya Alhamisi walikuwa wanalipandisha boti maporomokoni na mizigo yote ndani, kwa kuwa Bwana Mpima hakutaka kungoja maji yapungue. Kamba ilikatika. Boti likageuka ubavu, likawaburuta waliokuwa wamejifunga kamba kiunoni. Watu wawili wamekufa. Mmoja ni Anselmo wa Chilangala, aliyekuwa akilinda ndege kwenye shamba letu alipokuwa mdogo. Mwili wake umeonekana. Wa mwenzake haujaonekana, na watu wa kule wanasema ni mamba.

Yeremia ndiye aliyeleta maiti ya Anselmo, yeye na wenzake, kutoka mtoni mpaka juu. Amekonda hata nikamtambua kwa mwendo tu. Baada ya mazishi alikuja nyuma ya nyumba, akasimama akiitazama injini ilivyofunguliwa vipande juu ya mkeka.

"Shemeji," akamwambia Kasiani, "imebaki nini?"

"Gia za chini. Meno yake ni membamba, yanakatika."

"Basi fanya upesi."

"Nafanya."

"Sikulaumu. Nasema fanya upesi."

Kasiani hakulala kitandani. Kulipambazuka yuko njiani kwenda Masasi, kwenye mashine ya kuchambua pamba iliyoungua wakati wa vita, akatafute gia humo majivuni. Nilikuwa nikiamini kwamba anapenda chuma kuliko sisi. Leo nimemfungia mihogo ya njiani bila kuombwa.

Jumatano ya Majivu

Gia amezipata. Mwalimu wetu wa kanisa alinipaka majivu kwenye paji la uso, nami nikarudi kulima.

10 Machi, mtoni

Tumehamia huku, Kasiani kwa injini, mimi kwa kupika. Getrude nimemwacha kwa Josephina. Mbu ni wengi hata unawatafuna. Injini imefungwa nyuma ya boti na inavunja kitu kila siku. Juzi pini ya rafadha, jana bomba la maji, leo cheche zimepotea kwa sababu ya unyevu, Kasiani akazitafuta mpaka jua likazama. Bwana Mpima hupita, hutikisa kichwa, huenda zake kwenye hema lake. Ana homa na amekuwa mfupi wa maneno.

14 Machi

Pini nyingine.

18 Machi

Kasiani ameungua mkono. Ameendelea na mwingine.

27 Machi, Ijumaa

Imepanda.

Nimeliandika neno hilo nikalitazama. Asubuhi ukungu ulipoondoka, Kasiani aliingia botini na Bwana Mpima na Shamte. Wavuta kamba walikuwa wamejipanga ukingoni na kamba zao kama kawaida, endapo injini itashindwa. Aliizungusha kwa mshipi wa ngozi, ikawaka. Sauti yake haikuwa ile ya nyumbani. Ilikuwa nzito, imetulia, unaisikia tumboni. Boti likainua pua. Likafika kwenye maji meupe, likapunguza mwendo, likasimama kabisa katikati ya mawe mawili, maji yakipiga pande zote, nami nikaikumbuka ile ajali ya mwezi uliopita, nikaanza kutafuta kwa macho mahali litakapogeukia. Kasiani aliinamisha kichwa kama anayemsikiliza mgonjwa. Akagusa kitu. Sauti ikapanda, na boti likapanda nayo, kwanza kiganja, kisha hatua, kisha likachomoka juu kwenye maji laini kama mtu aliyesukumwa mgongoni, likaenda kwa mbio ambazo sijawahi kuona kitu chochote kikienda nazo juu ya maji.

Yeremia aliiacha kamba ikaanguka. Kisha wote wakaiacha. Mzee mmoja akaketi chini, akalia.

Kasiani aliporudi nilimpa maji. "Umeona?" akaniuliza. Nikasema nimeona.

2 Aprili

Wavuta kamba bado wako hapa. Bwana Mpima anasema anangoja ruhusa ya boma.

7 Aprili

Bwana Mpima amebebwa kwenye machela kwenda Lindi kwa homa. Boti limechukuliwa na ofisa wa boma, kijana, mwekundu usoni. Amewakusanya wavuta kamba akawaambia kwamba kwa kuwa kazi ya kamba imekwisha, watapelekwa mashamba ya pamba ya pwani, na wake zao waende nao.

Kasiani akasimama akasema kwamba Bwana Mpima aliahidi watarudi nyumbani. Ofisa akamwuliza Shamte, mtu huyu anasema nini. Shamte akatafsiri. Ofisa akacheka, si kwa ubaya, ila kama unavyocheka mtoto akisema jambo, akatoka.

Kasiani amekaa chini kando ya injini. Alichukua kitambaa, akaanza kuifuta.

Pasaka

Yeremia alikuja kutusalimia kambini pamoja na Josephina, aliyeshuka mtoni kwa amri ya ofisa, na mtoto wao, na Getrude wetu. Josephina alisema, "Wifi, mtoto wenu nimemrudisha, ameshiba," akanikumbatia muda mrefu kuliko kawaida. Yeremia alitazama mto, ng'ambo ya Wareno, akazungumza habari za mvua. Wakaondoka. Hawakuniambia kitu, nami sikuuliza, ili nikiulizwa nisiwe na la kujibu.

18 Aprili, Jumamosi

Nataka kuiandika yote kabla haijabadilika kichwani.

Jana alfajiri mlinzi alikuja akikimbia. Wavuta kamba wametoroka na wake zao na watoto, wanavuka kwa mitumbwi juu ya maporomoko, wengine wako katikati ya mto. Ofisa alitoka hemani bila kofia. Akaamuru boti. Akaingia na askari watatu wenye bunduki, Shamte mmojawapo, akamwita Kasiani.

Kasiani hakunitazama. Nilisimama ukingoni na Getrude, nikasema moyoni: isiwake. Ikawaka kwa mvuto wa kwanza. Ilikuwa haijawahi kuwaka kwa mvuto wa kwanza.

Ikapanda maporomoko kama siku ile, upesi zaidi, kwa kuwa mto umepungua nguvu. Sisi wa ukingoni tulikimbia kuifuata. Nilipofika juu niliiona mitumbwi. Mitatu ilikuwa imeshafika ng'ambo. Miwili ilikuwa bado, imejaa watu hata maji yanagusa kingo, na mwanamke katika ule wa nyuma alikuwa akipiga maji kwa kibuyu. Nilimjua kwa kitambaa. Ni Josephina. Boti lilikuwa likiwaendea moja kwa moja, ofisa amesimama mbele na askari wamelenga.

Nilimtazama mume wangu, mgongo wake. Nilimchukia kwa moyo wangu wote. Nilisema kwa sauti, Getrude akanisikia, "Amewaua."

Ndipo injini ikakohoa. Ikakohoa tena, ikazimika.

Palikuwa kimya hata tukasikia kibuyu cha Josephina. Kasiani alivuta mshipi. Alivuta tena na tena, akifungua hiki, akifunga kile, akipiga ngumi juu ya koti la shaba. Ofisa alikuwa akipiga kelele za Kidachi. Mto ulianza kulichukua boti, likageuka, askari wakaacha kulenga ili washike kingo. Mitumbwi miwili ikaingia kwenye matete ya ng'ambo, na watu wakashuka mmoja mmoja. Boti lilirudi chini kinyumenyume kupitia maporomoko, likagonga jiwe kwa nyuma. Mlio ule niliujua kabla sijaona kilichovunjika: rafadha, mguu, gia zote.

Walipofika ufukweni ofisa aliamuru Kasiani alazwe. Alipigwa kiboko mbele yetu. Nilimfunika Getrude macho, na masikio sikuweza. Kisha ofisa akasema, na Shamte akatafsiri maneno yote bila kubadili sauti, kwamba hiyo ndiyo kazi ya mshenzi, takataka zilizofungwa kwa waya, na Bwana Mpima alikuwa mjinga kuziamini. Akaamuru injini isukumwe mtoni. Askari wakaisukuma.

Kasiani aliangalia mpaka mapovu yalipokwisha.

21 Aprili, Mnyambe

Tumefika nyumbani. Namkanda mgongo kwa maji ya chumvi. Nimemwomba radhi kwa niliyosema pale ukingoni, hata kama hakuyasikia. Akasema, "Ulikuwa na haki." Sikumwelewa.

24 Aprili

Ndege wameingia mtamani. Siku nzima kuwafukuza.

29 Aprili

Shamte amepita, anarudi Masasi. Ameacha kazi, au kazi imemwacha, hakueleza. Kasiani alikuwa shambani. Nilimpa ugali na kisamvu, akala akiwa ameketi kwenye kinu kama zamani, ila bila bunduki.

Alipomaliza kunawa akasema, "Mama Getrude, mumeo anaendeleaje?"

"Mgongo unafunga. Moyo sijui. Amefanya kazi miezi yote ile, na siku yenyewe ikamwaibisha."

Shamte akageuka pale kwenye kinu. "Hajakuambia?"

"Nini?"

"Nilikaa kando yake. Kuna kibomba kidogo kinachopeleka benzini kwenye injini, kina kifungio. Tulipowakaribia wale watu, mkono wake ulishuka ukakifunga. Akavuta mshipi mpaka jasho likamtoka, huku kifungio kimefungwa. Sijaona mtu akifanya kazi kubwa namna ile kwa injini isiyoweza kuwaka."

Nikaketi chini.

"Na wewe ulikiona."

"Nilikiona."

"Kwa nini hukusema?"

Alivaa viatu vyake taratibu, kimoja, kisha kingine. "Nimechoka, mama," akasema. "Tangu vita ile nimechoka." Akaniaga, akamtafuta Getrude naye amuage, akaenda.

Kasiani aliporudi sikumwambia nimejua nini. Nilimwekea maji ya kuoga, nikakaa karibu yake alipokuwa anakula. Baadaye akaniuliza, "Shamte amepita?" Nikasema amepita. Akaitikia kwa kichwa, akaendelea kula. Nadhani alielewa.

3 Mei

Misheni ya Masasi ina pampu iliyoharibika. Wamemwita fundi kutoka Lindi, si Kasiani.

16 Mei, Jumamosi

Tumevuna karibu yote. Leo ilikuwa pombe ya mavuno kwa jirani yetu Fikirini, na watu walikuwa wengi. Watu wa huku juu hawakuuona mto, wamesikia habari tu, na habari iliyopanda huku ni kwamba Kasiani aliunda mashine, ikazimika, ikamletea viboko. Fikirini, ambaye si mtu mbaya, alisimama akaiga injini kwa mdomo. Ikanguruma, ikakohoa, ikafa. Watu wakacheka mpaka machozi. Mmoja akasema Kasiani arudi kwenye jembe, jembe halina cheche.

Nilifungua mdomo. Nilikuwa na maneno yote tayari. Kasiani alinishika mkono, kidogo tu, chini ya kanga. Mjumbe wa akida, anayepeleka habari bomani, alikuwa ameketi mlangoni na kata yake ya pombe, akicheka pamoja na wengine. Nikaufunga mdomo. Kasiani akacheka nao, akamwambia Fikirini kwamba amekosea mlio, ulikuwa mzito zaidi, akamwonyesha. Watu wakacheka tena.

Tulirudi kwa miguu kupitia mashamba yaliyokwisha kuvunwa, Getrude ametangulia mbele na kikapu. Kasiani alitembea taratibu kwa sababu ya mgongo. Tulipokaribia nyumbani akasimama kama mtu aliyesahau kitu njiani.

"Siku ile ya pili," akasema, "ilipanda upesi kuliko ile ya kwanza. Maji yalipoikaza sikuongeza kitu. Ilipanda yenyewe."

"Niliona, Baba Getrude."

"Uliona?"

"Nilikuwa nakimbia ukingoni. Nilishindwa kuifikia."

Akanitazama kuhakikisha. Kisha akainua mguu, tukaenda.